Mlishaji wa Magobore

Idella Fern Wickersham, binti wa Clell Wickersham aliyevusha nyumbu wanne mtoni siku maji yalipopasua kingo, mjukuu wa Hester Wickersham aliyezalisha nusu ya watu wa tarafa yetu na hakupoteza mama hata mmoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimamisha mashine ya kiwanda cha nyanya saa nne ya asubuhi, msimamizi akimpigia kelele sikioni, kwa sababu vifuniko vya makopo vilikuwa vimelegea kwa unene wa unywele mmoja. Ndiye aliyeangusha dume la kulungu lenye pembe za matawi kumi na mawili akiwa mjamzito wa miezi sita, akalichuna, kisha akaingia jikoni kupika chakula cha jioni kama siku nyingine yoyote. Na ndiye aliyelisha magobore sitini na matatu ya wilaya hii, kila moja likapata linachokipenda.

Mimi nilikaa naye dawati moja mpaka darasa la nane, ambapo shule yetu iliishia. Tukasimama naye mashine moja kiwandani miaka ishirini na tisa. Nyumba zetu zinatenganishwa na shamba moja la mahindi. Kwa hiyo ninayoandika hapa sikuhadithiwa.

Nasema alilisha, kwa sababu ndivyo alivyosema yeye. Mtu akimletea bunduki, hakuuliza "Inapigaje?" Aliuliza, "Inakula nini?" Mwenye bunduki akijikuna kichwa, Idella alisema, "Basi iache hapa. Ina njaa hii."

Gobore la siku hizi lina darubini juu na kitako cha plastiki, lakini bado linashindiliwa kwa mdomo kama la babu zetu. Unamimina baruti, unatia risasi, unasukuma kwa mdeki mpaka chini. Tofauti ni kwamba risasi ya siku hizi ni nyembamba kuliko mtutu, kwa hiyo huvalishwa kikombe kidogo cha plastiki chenye vidole vinne. Huku kwetu tunakiita kiatu. Risasi hutoka imevaa kiatu chake. Ikishavuka mdomo wa bunduki, vidole vinafunguka kama ua, kiatu kinaanguka nyasini hatua ishirini mbele, risasi inaendelea na safari peke yake.

Hapo ndipo penye kazi. Kuna viatu vyeusi, vya kijani, vya njano, vyembamba na vinene, na risasi ziko za kila uzito na kila umbo. Magobore mawili yaliyotoka kiwanda kimoja siku moja, moja litapenda kiatu cheusi na risasi nzito, lingine ukililisha jozi hiyohiyo litatapika risasi shamba zima. Hakuna kitabu kitakachokuambia. Lazima ukae chini ujaribu, na wanaume wengi wa huku hawawezi kukaa chini. Wanapiga risasi tatu harakaharaka, mtutu unapata moto, plastiki inalainika, risasi ya nne inakwenda jimbo la jirani, Kentucky, kisha wanalaumu darubini.

Idella aliweza kukaa. Alikaa nyuma ya ghala lake juu ya kreti ya maziwa, bunduki imelazwa juu ya miguu ya suruali kuukuu aliyoijaza mchanga na kuishona ncha. Akipiga risasi moja, alipitisha kitambaa chenye mate ndani ya mtutu kuondoa masizi, kisha kingine kikavu, halafu akachukua beseni la maharage akaanza kumenya. Beseni likijaa, mtutu umepoa. Anapiga nyingine. Msimu wa maharage ulikuwa ndio msimu wa magobore, na watu walisema ukila maharage ya Idella unakula na moshi.

Alipomaliza kupiga tatu hakukimbilia kutazama tundu kwenye karatasi. Alitembea kwanza nyasini ameinama, anaokota viatu vilivyoanguka. Alivipanga kiganjani akavisoma. Vidole vikiwa vimefunguka sawasawa vyote vinne, jozi ni nzuri. Kidole kimoja kikichanika, risasi imeanza safari kwa kuchechemea. Kitako cha kiatu kikiwa kimebonyea au kimetoboka, baruti imezidi. Baada ya hapo ndipo alipoiendea karatasi, na mara nyingi alishaniambia itakavyokuwa kabla hatujafika.

"Wewe mchawi," nilimwambia siku moja.

"Uchawi gani, Verna? Umekagua vifuniko vya makopo miaka yote hiyo, ukasahau siku uliyopewa kiinua mgongo."

Alikuwa na ulimi, hilo sitalificha. Lakini habari ninayotaka ibaki ni ya Doyle.

Doyle Wickersham ni mtoto wa kaka yake, dereva wa lori la mawe kwenye machimbo ya chokaa, mtu mzima wa miaka hamsini, mkubwa kama mlango. Tangu babu yake, ukoo wao umewinda kwenye shamba la akina Oster, ekari mia tatu za misitu na mabonde. Hapo ndipo baba yake alipomfundisha kukaa kimya, na hapo ndipo alipokuwa naye Desemba ya mwisho kabla baba hajafa. Hana mahali pengine, na hataki pengine.

Shamba hilo ni la Bi Leota Oster, mjane, na lina sharti lake. Jumamosi moja kabla msimu wa magobore haujafunguliwa, kila anayetaka kuwinda pale lazima afike langoni asubuhi. Bi Leota anakuwa ameoka pai za krimu ya sukari. Watu wanakula, sahani ya bati inabaki tupu, inapigiliwa msumari kwenye nguzo ya ua hatua mia moja kutoka langoni, na kila mtu anapiga risasi tatu. Zote tatu zikiingia kwenye sahani, karibu. Moja ikitoka, tuonane mwakani. Hakuna aliyewahi kubishana naye, maana ameshakulisha pai.

Mwaka uliotangulia habari hii Doyle alipita kwa bahati. Bunduki yake mpya ilipiga ukingoni mwa sahani, ukingoni, ukingoni. Wiki iliyofuata akampiga jike la kulungu, risasi ikamwingia nyuma mno. Alifuata damu siku mbili. Nilikuwa naye siku ya pili, nikamwona mtu mzima amekaa juu ya gogo anajipangusa macho kwa glavu. Hatukumpata. Bi Leota ndiye aliyempata baada ya siku nne, amefia kwenye chemchemi inayonywesha ng'ombe wake.

Alimwita Doyle akamwonyesha. Hakupiga kelele.

"Sikufukuzi kwa hasira, baba," alimwambia. "Lakini mnyama huyu alikufa polepole kwenye maji yangu. Mwakani utapiga sahani kama wengine, na sitaki ukingoni. Nataka tatu zifunikwe na kifuniko cha kopo la kahawa. Ukishindwa, ukoo wa Wickersham umemaliza kuwinda hapa. Sitasema mara mbili."

Kwa hiyo Septemba Doyle akamletea shangazi yake bunduki. Aliiweka juu ya meza ya jikoni kama mtu anayeleta mtoto mgonjwa.

"Inakula nini?" Idella akauliza.

"Vidonge vitatu vya baruti, Shangazi, na risasi hii yenye ncha ya bluu. Tangazo lilisema inafika yadi mia mbili."

"Tangazo lilikuwepo ulipokuwa unafuata damu?"

Doyle akatoa vidonge mfukoni, akavipanga mezani.

"Vidonge ni vya watu wenye haraka," akasema Idella, akavisukuma pembeni. "Tutapima baruti ya unga kwa kijiko chake. Kaa, kula. Kuna maharage."

Ilimchukua wiki tatu. Bunduki ile ilikuwa na mtutu mkaidi. Alijaribu viatu vya njano, ikatapika. Alijaribu vya kijani, nusu nusu. Akafika kwenye kiatu cheusi, na hapo kulikuwa na risasi mbili zinazofanana kama mapacha, ila moja ni nene kuliko mwenzake kwa unene wa karatasi ya kusokotea sigara. Ile nene ilikataa kushuka. Ilibidi agonge mdeki kwa nyundo ya mpira, akaiweka pembeni. Ile nyembamba ilishuka vizuri kwa nguvu ya kiganja, kwa kijiko cha baruti chenye alama ya tisini, na risasi tatu zikagusana mithili ya jani la maharage lenye sehemu tatu. Niliiona karatasi hiyo. Senti moja ingefunika matundu yote.

Aliiandika "Doyle" kwa kalamu ya mkaa akaitundika ghalani pamoja na nyingine. Nakumbuka jua lilikuwa kali, mikono ya blauzi ameikunja mpaka juu ya viwiko, jasho linamtiririka.

Ikafika Jumamosi ya sahani. Baridi ilikuwa imeshuka Alhamisi iliyotangulia bila kupiga hodi. Maji ya kuku yaliganda mpaka chini ya ndoo, na milango ya magari ilifunguliwa kwa birika la maji ya moto. Tulikuwa watu kumi na wanane langoni kwa Bi Leota, tunakula pai tumevaa glavu.

Wengine wakapiga, wakapita. Zamu ya Doyle ikafika. Bi Leota akaweka kifuniko cha kopo la kahawa katikati ya sahani, akakizungushia mstari kwa rangi ya kucha, akakiondoa.

Risasi ya kwanza ikaingia ndani ya mstari. Watu wakaguna kwa kuridhika. Doyle akasafisha mtutu, akangoja, akapiga ya pili. Ikatoboa ukingo wa sahani upande wa kushoto. Ya tatu haikugusa sahani kabisa. Ilipiga nguzo, kibanzi kikaruka.

Ng'ombe mmoja alilia bondeni. Doyle akasimama, akaanza kufunga bunduki yake ndani ya ala polepole, uso mwekundu mpaka masikioni.

"Pole, baba," Bi Leota akasema. "Nilishasema."

"Ulisema, Bi Leota."

Mimi nilimtazama Idella. Nilitegemea aende kwa Doyle. Hakwenda. Alikuwa amevuka ua, yuko kwenye majani yenye barafu, ameinama. Watu wakaanza kunong'ona.

"Anatafuta meno yake?" akauliza Virgil Hoagland, mfuga nguruwe, mtu asiyeweza kufunga mdomo hata kanisani.

Idella akarudi na viatu vitatu kiganjani. Alinionyesha mimi kwanza. Vidole vilikuwa vimefunguka sawa, lakini ubavuni mwa kila kimoja kulikuwa na mstari wa kijivu wa kuungua, kutoka kitakoni mpaka juu.

"Unaona nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Moto umepita pembeni."

"Umepita pembeni. Hakikubana. Septemba kilibana." Akavifumbia kiganja. "Verna, unakumbuka makopo yale yaliyopelekwa ghala la baridi?"

Nilikumbuka. Shehena nzima ilikuwa imefungwa Agosti, sisi wenyewe tulikagua, haikuvuja hata tone. Januari ikavuja yote. Mpira wa kuzibia ulikuwa umekakamaa kwa baridi.

"Mimi mjinga," akasema Idella. "Mjinga wa miaka sabini na moja. Nimeilisha bunduki jua, na yeye anakwenda nayo kwenye barafu."

Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona mwanamume yeyote wa wilaya hii akilifanya mbele ya watu. Akaenda mpaka mbele ya Bi Leota, akavua kofia yake ya sufu, nywele nyeupe zikasimama.

"Leota, kosa hili si la mtoto. Alipiga sawasawa, nilimtazama bega. Jozi niliyompa ni yangu, na nimeikosea. Plastiki imekauka kwa baridi, haizibi mtutu. Nimepima joto, sikupima Desemba. Nipe mpaka Alhamisi."

"Idella, nilisema sitasema mara mbili."

"Usiseme. Sikiliza tu."

Virgil akacheka. Bi Leota akamtazama mpaka akaacha.

"Una miaka mingapi unalisha bunduki hizi?" Bi Leota akauliza.

"Kumi na minane."

"Na leo ndiyo unagundua Desemba kuna baridi?"

"Leo," akasema Idella, hakuinamisha macho. "Nyingine zote zilikuwa na mitutu inayobana, zikanifichia. Hii haikunifichia."

Bi Leota akaivuta shali yake. Ni mwanamke mgumu, lakini si mtu wa kupindisha mambo, na alijua gharama ya maneno yale mbele ya watu kumi na wanane ambao nusu yao walikuwa na karatasi zao ghalani kwa Idella.

"Alhamisi saa tisa," akasema. "Na nisikilize vizuri. Akishindwa, hatakanyaga hapa, na bunduki yoyote iliyopita mikononi mwako haitapita langoni mwangu. Zote. Unakubali?"

"Nakubali."

"Shangazi!" Doyle akapaza sauti.

"Nyamaza. Chukua kipande cha pai ule, tuna kazi."

Usiku ule bunduki haikuingia ndani ya nyumba. Idella aliamuru ilale kwenye ghala la mahindi, pamoja na risasi, viatu, hata mdeki. Jumapili baada ya kanisa tukaanza. Maharage yalikuwa yamekwisha zamani, kwa hiyo alileta kikapu cha karanga za mwituni, zile za mti zenye ganda gumu kama jiwe, na nyundo. Akipiga risasi moja, anavunja karanga mpaka mtutu upoe. Mimi nilishika chupa ya kahawa. Doyle alikuwa ameomba ruhusa ya siku nne machimboni, anashika kikapu na kukimbilia viatu.

"Shangazi, kwa nini nisiviweke viatu mfukoni, ndani ya shati? Vitabaki na joto."

"Na mtutu utauweka mfukoni pia?"

"Hapana."

"Basi kiatu cha moto kitakutana na chuma cha baridi, na hutajua kimepoa kiasi gani kulungu atakapotokea. Dakika kumi? Saa tatu? Utamwambia kulungu angoje?"

Jumapili alijaribu kiatu cha kijani kwa sababu ni kinene zaidi. Kikashuka kwa shida, na tulipookota, vidole viwili vilikuwa vimekatika kabisa kama biskuti. Jumatatu Doyle akasihi waongeze baruti, isukume plastiki ifunguke. Idella hakuamini, lakini alimwacha apige, ili aone kwa macho yake. Mistari ya kuungua ikawa mipana zaidi. Doyle akavitazama viatu vile muda mrefu.

"Tunapuliza moto zaidi kwenye tundu lilelile," akasema mwenyewe.

Idella hakumsifu. Alivunja karanga nyingine. Lakini nilimwona ametabasamu ndani ya skafu.

Jumatatu jioni mikono yake ilikuwa imevimba viungo, hawezi kufunga vifungo vya koti. Nilimfungia mimi. Nilimwambia, "Idella, mwache Doyle akanunue mahali pengine pa kuwinda. Mtu akikosea mara moja katika sitini na tatu si aibu."

"Sijui kama ni mara moja," akasema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Jumanne asubuhi alitoka ghalani na kile kiboksi alichokiweka pembeni Septemba, cha ile risasi nene iliyokataa kushuka bila nyundo. Kilikuwa kimelala kwenye baridi na vingine. Akaichukua risasi moja akaivisha kiatu cheusi kilekile, akaiweka mdomoni mwa bunduki, akaegemeza mdeki, akasukuma kwa kiganja.

Ikashuka. Si kwa wepesi, si kwa ugumu. Ilishuka kama kizibo cha chupa kinavyoingia mahali pake, kwa msukumo mmoja mpaka chini.

Tulitazamana. Akapiga, akavunja karanga, akapiga, akavunja karanga, akapiga ya tatu. Kisha akamwambia Doyle, "Kaviokote."

Doyle akarudi navyo kiganjani. Safi ndani, safi ubavuni, vidole vinne vimefunguka sawasawa. Akamnyooshea shangazi yake. Idella hakuvichukua.

"Niambie wewe."

"Vimebana," akasema Doyle. "Vimefunguka pamoja. Zitakuwa zimegusana, Shangazi."

Zilikuwa zimegusana. Jumatano wakarudia alfajiri kwenye baridi kali kuliko ya Jumanne, na tena mchana jua lilipotoka kidogo. Matundu hayakutofautiana.

Alhamisi saa tisa tulikuwa langoni. Sijui habari ilisambaaje, lakini watu waliokuja walikuwa wengi kuliko Jumamosi. Virgil Hoagland alileta kiti. Bi Leota alikuwa amepigilia sahani mpya na kuizungushia mstari wa rangi ya kucha.

Doyle akapiga ya kwanza. Tukasubiri. Idella alikuwa ameleta kikapu chake, akaanza kuvunja karanga.

"Hii ni nini?" Bi Leota akauliza.

"Mtutu unapoa."

"Nimevaa soksi mbili na bado sivisikii vidole. Mmekuja kupiga bunduki au kufanya matanga?"

"Kula karanga," Idella akamwambia, akampa kiganja kimoja. Bi Leota akala.

Ya pili ikapigwa. Karanga. Doyle alipitisha kitambaa cha mate, kisha kikavu. Idella hakumtazama, aliinamia nyundo yake. Ya tatu alikaa nayo muda mrefu mpaka Virgil akakohoa. Ikalia.

Bi Leota hakumruhusu mtu yeyote aende. Alivuka ua mwenyewe, mzee wa miaka themanini na miwili, akatembea zile hatua mia moja kwenye mitaro iliyoganda, sote tunamtazama mgongo. Akafika kwenye nguzo. Akaweka kidole gumba juu ya sahani. Akageuka, akakinyanyua kidole hewani tukione. Matundu yote matatu yalikuwa chini ya kidole kimoja.

Watu walipiga kelele, ng'ombe wakakimbia. Doyle aliinama akashika magoti yake kama mtu aliyekimbia maili kumi.

Bi Leota aliporudi alikuwa ameshika sahani. Alimpa Doyle.

"Jumamosi acha gari karibu na ghala, usikanyage ngano yangu. Na kilima cha juu, alipokuwa anakaa baba yako, hakuna mtu aliyekaa mwaka huu. Nilipazuia." Kisha akamgeukia Idella. "Nawe vaa kofia yako. Unanitia baridi."

Watu wakamzunguka Doyle kumpiga mabegani. Idella alinishika mkono tukaenda kwenye gari lake, nikadhani amechoka anataka kukaa. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa kreti. Ndani kulikuwa na viboksi vya viatu na risasi, na karatasi tano kutoka ghalani zimekunjwa. Akamwita Doyle.

"Mwaka huu nimelisha magobore sita," akamwambia. "Lako ni moja. Hizi ni karatasi za yale matano, yote nililisha Septemba na Oktoba, mikono ya blauzi imekunjwa. Wenyewe wanaingia msituni Jumamosi alfajiri. Mimi na Verna tutachukua mawili ya upande huu wa barabara. Matatu ni yako."

"Yangu kivipi? Niwapelekee ile risasi nene?"

"Usimpe mtu yeyote risasi yako. Hiyo ni ya bunduki yako. Zilaze bunduki zao nje usiku wa leo, kesho uzipige kwenye baridi, ungoje zipoe, uokote viatu, usome."

"Shangazi, mimi sijui kusoma viatu."

"Jumanne ulisoma nini?"

Doyle akakuna shingo. "Na asiyekubali?"

"Mwambie nimesema akae nyumbani Jumamosi. Sitaki mnyama mwingine afie kwenye chemchemi ya mtu kwa kipimo changu."

"Nianze na nani?"

Akampa karatasi ya juu. Ilikuwa na jina la Virgil Hoagland, ambaye wakati huo alikuwa anakunja kiti chake na kueleza kwa sauti kubwa jinsi alivyojua tangu mwanzo.

"Virgil!" Doyle akanong'ona. "Huyo atanifukuza na mbwa."

"Mwambie Idella amekiri amekosea. Atapenda sana kulisikia hilo, atakukaribisha mpaka mezani. Msikilize, kula atakachokupa, kisha chukua bunduki yake uiweke nje." Akampakatisha ile kreti mikononi. "Nenda, jua linazama mapema."